Kwenda Tromsø, Norwe, majira ya baridi kutazama mianga ya kaskazini: mwongozo kwa anayetokea Afrika Mashariki

Anayepanga safari hii kwa mara ya kwanza huanza na hoteli: ile yenye kibanda cha vioo, umelala chali kitandani na mbingu inacheza juu yako. Picha hizo zimeuza vyumba vingi. Lakini mianga ya kaskazini, au aurora, haina ratiba wala haijali umelipa kiasi gani. Inaweza kuwaka usiku kucha juu ya wingu zito usiione hata chembe, na kesho yake mbingu ikatakata lakini jua likawa limetulia. Swali la kwanza basi ni hili: utalala huko siku ngapi? Kama pesa ni za kubana, nunua siku nyingi kwanza, pili kinga miguu yako na baridi, ndipo uanze kufikiria vioo. Mimi simshauri mtu aende chini ya siku nne. Sita ni bora. Siku mbili ni kamari, na ni kamari ya pesa nyingi.

Jua unachokifuata

Jua hutoa muda wote mkondo wa chembe zenye umeme. Zinapoifikia dunia, usumaku wa dunia huzielekeza kwenye maeneo ya karibu na ncha zake mbili, ambako hugongana na oksijeni na naitrojeni zilizo juu sana angani. Kijani, rangi utakayoiona zaidi, ni oksijeni iliyo kama kilomita 100 hadi 150 juu ya ardhi. Nyekundu ni oksijeni ya juu zaidi, kupita kilomita 200. Zambarau inayotokea kwenye pindo la chini ni naitrojeni. Mwanasayansi wa Norwe, Kristian Birkeland, aliliiga jambo hili maabara mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kurusha chembe za umeme kwenye mpira wenye sumaku ndani ya chombo kisicho na hewa. Wanorwe walimweka kwenye noti yao ya krona 200 kwa miaka mingi.

Hapo kuna mawili ya kukusaidia katika mipango. Kwanza, mawingu yote yako chini kabisa ya aurora, kwa hiyo wingu likitanda hakuna hila: ama lipite, ama wewe uhame. Pili, mianga hukaa kwenye mkanda wa mviringo unaoizunguka ncha ya sumaku ya dunia, na Tromsø iko chini ya mkanda huo huo. Wanaoishi London au Berlin husubiri dhoruba kubwa ya jua kama ile ya Mei 2024 ndipo waone chochote. Aliye Tromsø anahitaji usiku wa kawaida tu, wenye giza na mbingu wazi.

Utasikia pia watu wakisema umechelewa, kilele cha jua kimepita. Ni kweli jua lina mzunguko wa miaka kama 11, na mwezi Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba limeingia kipindi cha kilele. Miaka inayofuata kilele bado huwa na dhoruba nzuri, na chini ya mkanda aurora huonekana hata miaka ya jua tulivu. Usiharakishe safari kwa sababu hiyo.

Chagua mahali

Tromsø iko Norwe, latitudo ya karibu 70 kaskazini, kama kilomita 350 ndani ya Duara la Aktiki. Ni mji hasa: uwanja wa ndege uko kama kilomita 5 kutoka katikati ya mji, kuna hospitali, chuo kikuu, maduka makubwa na mabasi ya umma. Kinachowashangaza wengi ni kwamba baridi yake si ile ya kutisha. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hupita pwani hiyo, bahari haigandi, na wastani wa Januari ni kama nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri. Ukiingia bara kilomita mia moja tu, kipimo hushuka hadi 20 au 30 chini ya sifuri bila taabu. Bahari hiyo hiyo inayoleta afueni ndiyo inayoleta mawingu, na huo ndio udhaifu mkubwa wa Tromsø.

Abisko, upande wa Uswidi, ni kinyume chake: kijiji kidogo, baridi kali zaidi, lakini milima imezuia mawingu na mbingu juu ya ziwa Torneträsk huwa wazi mara nyingi kuliko majirani. Rovaniemi ya Ufini inapendwa na wenye watoto, ila iko karibu kabisa na mstari wa Aktiki, kusini zaidi, kwa hiyo inataka usiku wenye nguvu kidogo. Walio Marekani na Kanada hawana haja ya kuvuka bahari: Fairbanks kule Alaska na Yellowknife kule Kanada ziko pazuri kabisa, na Yellowknife ina mbingu safi inayosifika, mradi ukubaliane na baridi ya bara.

Kuna anayetaka kufika mbali zaidi, Svalbard. Sawa, ila Svalbard ni ya Norwe na haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja bila ukaguzi wa mipakani kati yao. Ukitoka bara la Norwe kwenda huko umetoka Schengen, na kurudi ni kuingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakukwamisha, kwa hiyo omba ya kuingia mara mbili au zaidi.

Chagua tarehe

Mianga huonekana Tromsø kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwanzoni mwa Aprili. Nje ya hapo usiku hauna giza la kutosha, na kiangazi jua halizami kabisa. Kati ya tarehe 27 Novemba na 15 Januari jua halichomozi. Usidhani ni giza saa 24: kuanzia asubuhi hadi mapema mchana kuna mwanga wa bluu, wakati mwingine na wekundu upande wa kusini, mzuri wa kutembea na kupiga picha. Wengine hulegea nao. Mwili unataka kulala saa 8 mchana.

Chaguo langu ni katikati ya Februari hadi mwisho wa Machi. Theluji imekaa vizuri, mchana umerudi kwa hiyo una kitu cha kufanya kabla ya usiku, na karibu na Machi 20, siku usiku na mchana zinapolingana, dhoruba za sumaku hutokea mara nyingi zaidi. Anayetaka kuona nyangumi aende Novemba hadi Januari: wanafuata samaki aina ya heringi, na boti huwakuta zaidi upande wa Skjervøy.

Mwezi mpevu hufifisha mianga dhaifu lakini huangaza milima na theluji. Usibadilishe tarehe kwa ajili yake.

Viza na tiketi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen. Mwenye kibali cha kuishi Uingereza au kadi ya kijani ya Marekani naye anaihitaji kama pasipoti yake ni ya huku kwetu; kibali hakimsamehe. Aliye na kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine yoyote ya Schengen hahitaji, apande ndege tu.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri siku 15. Uamuzi huchukua kama siku 15, ukiwa na maswali unaweza kufika 45, na miadi yenyewe ya kupeleka nyaraka huwa migumu kupatikana. Ada ya mtu mzima ni euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka. Unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukiwa na siku tano Tromsø na moja Amsterdam, hiyo ni Norwe.

Kinachomwangusha mwombaji mara nyingi ni hadithi isiyokamilika. Barua yako ieleze siku kwa siku: unatua lini, unalala wapi, usiku upi una gari la kuwinda mianga, unaondoka lini. Ambatisha barua ya kazi inayotaja likizo na tarehe ya kurudi kazini, au usajili wa biashara na kodi kama umejiajiri. Taarifa za benki zionyeshe pesa inavyoingia na kutoka kwa kawaida yako. Milioni kadhaa zilizowekwa wiki moja kabla ya kuomba humfanya afisa aulize zimetoka wapi, na wewe hupo pale kumjibu. Hoteli weka ile inayokubali kughairiwa bure mpaka viza itoke.

Ndege hadi Oslo zinapatikana kupitia Amsterdam, Doha au Istanbul, na kutoka Oslo hadi Tromsø ni kama saa mbili hewani. Mara nyingi ukitoka nje ya nchi unachukua begi lako Oslo, unapita nalo forodha, kisha unalikabidhi upya kwa ndege ya ndani, hata kama kibandiko kimeandikwa Tromsø. Wengi wanaliacha likizunguka kwenye mkanda. Acha nafasi ya saa tatu hivi katikati. Kama unaingia Schengen kwanza kupitia Amsterdam, ukaguzi wa pasipoti ni huko, na tangu Oktoba 2025 umeanzishwa mfumo wa kuchukua alama za vidole na sura kwa wasio raia wa Ulaya, kwa hiyo foleni inaweza kuwa ndefu.

Nguo: hapa usifanye haraka

Aliyepanda Kilimanjaro atasema baridi anaijua. Anaijua ya kutembea. Baridi ya kutazama aurora ni ya kusimama: saa mbili, tatu, nne, umekanyaga theluji na shingo imeangalia juu, mwili hauzalishi joto. Nyuzi 5 chini ya sifuri ukiwa umesimama na upepo wa bahari unavuma zinaumiza kuliko unavyodhani ukiwa Dar.

Kinachogusa ngozi kiwe sufu au kitambaa maalumu cha michezo, juu na chini, suruali ndefu ya ndani na fulana ya mikono mirefu. Pamba acha hotelini: fulana za kawaida, jinsi, na hata khanga ya kujifunga ndani. Pamba ikishika jasho haikauki, na ukisimama inageuka baridi mwilini. Juu ya hapo sweta la sufu au jaketi la flisi. Juu kabisa koti zito linalofika mapajani na suruali ya kuzuia upepo na maji. Ni bora nguo nyingi zinazovulika kuliko moja nene, kwa sababu ndani ya basi na madukani kuna joto kweli kweli na utatoka jasho.

Koti usilinunue Ulaya. Nenda mitumba. Karume Dar, Memorial Moshi, Gikomba na Toi Nairobi, Kongowea Mombasa, Owino Kampala: makoti ya theluji huja ndani ya belo kila wakati na sehemu za joto hayana mteja, kwa hiyo muuzaji anafurahi kuliondoa. "Dada, unapanda mlima?" ndilo swali utakaloulizwa, kubali tu, bei haitapanda kwa hilo. Likague hivi. Shika fumbato la koti, lifinye, uliachie: likiumuka tena lilivyokuwa, manyoya ya ndani ni mazima; likibaki na mabonge kama limefuliwa vibaya, liache. Lifunue ndani kiunoni: likiwa na kisketi cha lastiki chenye vifungo, hilo lilishonwa kwa ajili ya theluji. Pitisha kidole kwenye mishono ya ndani uone kama utepe wa kuzuia maji unabanduka. Funga na kufungua zipu mara kadhaa ukiwa umevaa glavu nene, kwa sababu ndivyo utakavyoifungua huko. Mwisho vaa kofia ya sufu, kisha vuta kofia ya koti juu yake. Isipoenea, ni koti la mtoto wa shule wa Ulaya.

Aliye Moshi au Arusha ana njia nyingine: maduka yanayokodisha vifaa vya kupandia Kilimanjaro yana makoti, suruali, glavu na viatu. Wamezoea kukodisha kwa siku za mlimani, kwa hiyo patana nao mapema kuhusu siku nyingi na kuhusu kutoka nje ya nchi.

Viatu ndivyo vinavyoamua kama utamaliza usiku. Viwe saizi moja juu ya yako, ili soksi nene ya sufu iingie na vidole vibaki vinacheza. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni kosa: damu haifiki na miguu inaganda haraka kuliko ukiwa na moja. Beba kipande cha boksi au cha godoro la sponji, simama juu yake. Kinakata baridi inayopanda kutoka kwenye theluji, na hakuna atakayekucheka, waongozaji wenyewe wanafanya hivyo. Ukifika Tromsø nunua vile vyuma vya kuvaa chini ya kiatu vyenye meno, wenyewe wanaviita brodder. Barabara za mji huo hupata mvua kidogo, zikaganda, na kuanguka mgongo siku ya kwanza kunaharibu zote zilizobaki. Nunua pia kile kibandiko kidogo kinachoakisi taa za magari, ukitundike kwenye koti.

Mikononi, glavu nyembamba ndani, na juu yake zile nene za mfuko mmoja zinazotenga kidole gumba tu. Shingoni skafu ya mviringo unayoweza kuivuta hadi puani. Anayevaa hijabu achague ya sufu au flisi na tatizo limekwisha. Usoni paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, midomoni pia. Losheni zenye maji mengi hazifai kwenye baridi kali, na hewa ya vyumba vyao ni kavu kiasi cha kupasua midomo.

Kabla ya kununua suruali za nje na buti za bei, soma maelezo ya safari ya usiku uliyolipia. Kampuni nyingi zinawaazima wageni ovaroli la baridi na buti.

Pesa, chakula na sala

Norwe hutumia krona yake, na karibu kila kitu hulipwa kwa kadi, hata choo. Krona moja ni kama shilingi 13 za Kenya au 250 za Tanzania, ikipanda na kushuka. Waarifu benki yako mapema kwamba kadi itatumika nje, na uwe na kadi ya pili. Mgahawa ni ghali mno, kwa hiyo chukua malazi yenye jiko na ununue vitu kwenye maduka kama Rema 1000, Kiwi au Coop. Maji ya bomba ni salama na matamu, usinunue ya chupa. Chupa ya chai beba kutoka nyumbani. Chai ya tangawizi saa 5 usiku kando ya fyodi, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, ina kazi kubwa. Samaki ndiye chakula cha kuonja: Januari hadi Aprili chewa wakubwa wa baharini wanaoitwa skrei huhamia pwani hiyo kutaga mayai, na huliwa wakiwa wamechemshwa pamoja na maini na mayai yao. Mtu wa pwani ataelewa mara moja kwa nini Wanorwe wanamngoja samaki huyo mwaka mzima.

Muislamu atajiuliza saa za sala wakati jua halichomozi. Wanazuoni wametoa njia: wapo wanaofuata saa za Makka, wapo wanaofuata mji wa karibu wenye usiku na mchana wa kawaida. Tromsø kuna msikiti, uliza pale waumini wa hapo wanafuata ipi, na uulize duka la nyama halali hapo hapo.

Usiku wenyewe

Anza na mawingu. Tovuti na programu ya Yr, ya idara ya hali ya hewa ya Norwe, inaonyesha mawingu saa kwa saa kwa kila kijiji. Usitazame Tromsø peke yake. Tazama Ersfjordbotn, Skibotn, na Kilpisjärvi ng'ambo ya mpaka wa Ufini. Mara nyingi Tromsø imefunikwa na Skibotn iko wazi. Ukishajua wapi ni wazi, ndipo uangalie jua. Kipimo cha nguvu ya dhoruba za sumaku, kinachoitwa Kp, huenda kutoka 0 hadi 9, na wageni wakiona 2 wanavunjika moyo. Chini ya mkanda, 2 inatosha, hata 1 imewahi kuwafurahisha watu. Ukitaka kwenda ndani zaidi, tazama Bz, kipimo kinachotoka kwenye setilaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua. Ikiwa chini ya sifuri na ikabaki hapo, vaa viatu. Una kati ya robo saa na saa moja.

Kaa macho kati ya saa 12 jioni na saa 8 usiku, na zaidi kati ya saa 3 na saa 7. Lala mchana.

Una njia tatu za kutoka. Ya bure ni kwa miguu au basi la mji: ziwa Prestvannet juu ya kisiwa kilichobeba mji, au ufukwe wa Telegrafbukta upande wa kusini, ambako taa ni chache. Mianga yenye nguvu utaiona hata kutoka daraja la mji. Njia ya pili ni gari la kuwinda pamoja na mwongozaji, kati ya krona 1,000 na 2,000 hivi kwa mtu, basi kubwa likiwa rahisi na gari dogo la watu wanane likiwa ghali. Ninachokushauri ni kulipia gari dogo usiku mmoja au mbili, na usiku mwingine utoke mwenyewe. Dereva mzuri haendi mahali maalumu. Anasoma mawingu njia nzima na kubadilisha uelekeo, na akibidi atavuka hadi Ufini. Kwa hiyo pasipoti iwe mfukoni. Usilipie usiku wa kwanza kabla hujafika kama unaweza kungoja. Ukishafika unachagua usiku wenye mbingu. Desemba hadi Februari ni tofauti: nafasi huisha, kwa hiyo lipia mapema.

Njia ya tatu ni kukodi gari na kuendesha mwenyewe. Hapana, kama hujawahi kuendesha juu ya barafu. Kule wanaendesha kulia, giza, barabara inateleza, moose (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) na kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wanavuka bila taarifa, na huku wewe jicho liko angani. Wanaosimamisha gari pembeni mwa barabara kuu kutazama mianga ni kero inayojulikana na wenyeji na ni hatari ya kweli. Usipande pia miteremko ya mlima usiku kutafuta mahali pazuri, maporomoko ya theluji huua watu mkoa huo. Namba za dharura ni 113 gari la wagonjwa, 112 polisi, 110 zimamoto.

Ukishasimama gizani, zima mwanga wa simu na ungoje dakika 20 macho yazoee. Tochi iwe ya kichwani yenye taa nyekundu. Usitegemee kijani cha picha za mtandaoni. Mara nyingi inaanza kama moshi wa shamba linalochomwa mbali: mkanda mweupe-kijivu, hafifu, unaotoka mashariki kwenda magharibi, na nyota zinaonekana kupitia ndani yake. Wingu huzifunika nyota, huo haufuniki. Ukiwa na shaka, piga picha moja ya simu, kamera itaona kijani kabla yako. Kisha mkanda unaweza kukaa hivyo nusu saa, watu wakaanza kurudi garini, na ghafla ukakatika mistari ya wima, ukakimbia, pindo la chini likawaka zambarau, na ukawa juu ya utosi. Hapo rangi utaziona kwa macho yako. Huchukua dakika tano, kumi, halafu hutulia, na mara nyingi hurudi baada ya saa moja au mbili. Usiondoke na wale wa kwanza.

Wasami wanasimulia kwamba wazee waliwakataza watoto kuipigia aurora mluzi. Ukikaa kwenye hema lao na mtu akakusimulia hilo, msikilize. Usimjaribie mluzi ili uone.

Picha

Simu za sasa zenye hali ya usiku zinatosha, ila lazima zitulie: stendi ndogo ya miguu mitatu, na kipima muda cha sekunde tatu ili usiitikise kwa kidole. Mwenye kamera aanze na ISO 1600 hadi 3200, lenzi ifunguke hadi f/2.8 au karibu na hapo, sekunde 5 hadi 15. Mianga ikikimbia punguza hadi sekunde 2 au 3, vinginevyo inakuwa ukungu wa kijani. Fokasi iweke kwa mkono kwenye nyota angavu, si otomatiki. Betri hufa haraka kwenye baridi, kwa hiyo simu na betri ya akiba zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na pawabenki pia. Kabla ya kuingia ndani, ifungie kamera kwenye mfuko wa plastiki huko huko nje, uuache umefungwa saa moja au mbili hadi upate joto la chumba, vinginevyo mvuke utaingia kwenye lenzi.

Kama mawingu hayakubali

Siku ya tatu, Yr ikionyesha mawingu pwani yote kwa siku mbili zijazo, usikae Tromsø kusali kwa dirisha. Basi la kwenda Narvik huchukua kama saa nne, na Narvik kuna treni inayopanda milimani hadi Abisko kwa muda usiofika saa mbili. Viza ni ile ile, pesa inabadilika kuwa krona za Uswidi, nazo ni za kadi vilevile. Angalia ratiba ya siku hiyo kabla ya kuhama, kwa sababu treni ni chache na theluji huzichelewesha, na malazi ya Abisko si mengi, kwa hiyo piga simu kwanza. Vaa ile suruali ya ndani ukiwa bado kwenye treni: Abisko ikiwa na mbingu wazi, inaweza kuwa nyuzi 15 chini kuliko ulikotoka.